Gurudumu Lenye Matundu Kumi

Kama ndiyo kwanza unanisoma leo, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Nitakukusanyia yote kwa mkupuo mmoja. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, na kazi yangu ni kuchora kwa mkono magari ya mashindano ya zamani, kwa vipimo kamili. Karakana ya mabango niliyoitumikia miaka kumi na minne ilinunua mashine ya kuchapa, ikaniambia asante kwa utumishi. Mume wangu akafunga begi lake. Baba yangu akateleza bafuni, akavunjika nyonga, akahamia kwangu na mkongojo wake na redio yake.

Na wiki iliyopita nilikiri kwamba nilipokea kazi kutoka kwa mtu ambaye kwetu hatajwi.

Tumwite Kimbunga, maana ndivyo watu walivyomwita alipokuwa dereva wa mashindano. Miaka thelathini na miwili iliyopita, gurudumu la mbele la kushoto la gari lake lilichomoka kwenye kona, gari likabingirika mara tatu. Kimbunga alivunjika mkono. Msoma ramani aliyeketi kando yake alikufa palepale.

Msoma ramani huyo alikuwa mjomba wangu, mdogo wa pekee wa mama.

Na fundi aliyeliandaa gari lile alikuwa baba yangu.

Kamati ya uchunguzi ikasema nati hazikukazwa. Mama akasema hawezi kulala kitanda kimoja na mtu aliyemuua mdogo wake kwa uzembe. Nilikuwa na miaka tisa. Walinigawana, wiki kwa huyu na wiki kwa yule, na tangu siku hiyo wao wawili hawajasemeshana hata salamu.

Sasa chama cha magari kilikuwa kinafungua ukumbi mpya siku ya Jumamosi. Kimbunga, ambaye leo ni mzee wa miaka sabini na kitu, alitaka picha ya gari lile itundikwe ukutani, na akanitafuta mimi. Nilihitaji kazi. Nikakubali, nikamficha baba.

Kumficha jambo mtu mnayeishi naye nyumba moja ni adhabu. Chumba changu cha kazi kiko nyuma, kina dirisha pana na meza moja. Kila asubuhi baba hujikongoja hadi mlangoni aone ninachora nini. Basi juu ya meza niliweka gari jingine, la buluu, nusu nimelipaka na nusu bado ni penseli. Lile lenyewe nililiweka kwenye droo pana ya chini, nikalifunika kwa gazeti.

Siku moja baba alisimama muda mrefu akilitazama lile la buluu, kisha akaniuliza kama rangi siku hizi hazikauki, maana ilikuwa wiki ya tatu. Nikamwambia mteja ni msumbufu, anabadilisha mawazo kila siku. Akasema wateja wote ni wasumbufu, tangu enzi zake, akarudi kwenye redio yake.

Nilicheka. Kisha nikaona aibu kwa kucheka.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hivyo hutaelewa yaliyonipata. Mimi huchora kwa kipimo cha moja kwa kumi. Sentimita kumi za gari lenyewe zinakuwa sentimita moja kwenye karatasi. Magari mengi ya zamani yamekwisha kuwa chuma chakavu, hakuna la kwenda kulipima, kwa hiyo napima picha. Naanza na tairi, kwa sababu ukubwa wa tairi unajulikana. Nikijua tairi lilikuwa na sentimita sitini, basi kwenye karatasi yangu litakuwa sita, na kila kitu kingine kitafuata hapo: urefu wa boneti, upana wa mlango, umbali wa taa na taa. Kwangu gurudumu ndilo rula.

Kimbunga aliponiletea bahasha ya picha alinipa sharti moja tu. Alisema wachoraji wote hulichora gari lile likiwa jipya, limeoshwa, linang'aa kama kikombe cha kabatini. Yeye hakutaka hivyo.

"Nataka lilivyokuwa dakika ya mwisho," alisema. "Tope lake, taa iliyopasuka, kila kitu. Chora unachokiona. Usichore ulichoambiwa."

Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kusikika.

Bahasha ilikuwa na picha nne. Ya kwanza ilipigwa asubuhi ya mashindano, gari likionekana upande wa kushoto. Ya pili siku ileile asubuhi, kwa nyuma, buti likiwa wazi na gurudumu la akiba limefungwa kwa mkanda. Ya tatu ilipigwa kituo cha mwisho cha kugonga muhuri, kilomita kumi na moja kabla ya ile kona: karani ameinama dirishani, mjomba anampa kadi, anacheka. Ya nne ilipigwa na mtazamaji mmoja baada ya ajali. Gari liko kwa mbali, limelala kichwa chini. Mbele kabisa, kwenye nyasi, kuna gurudumu peke yake.

Hiyo ya nne niliiepuka kwa wiki mbili. Nilichora mlango, nikachora namba, nikachora tope tone kwa tone kwa brashi yenye nywele tatu. Alhamisi asubuhi hapakubaki kitu isipokuwa gurudumu la mbele la kushoto. Nikajikaza, nikaweka picha ya nne chini ya kioo cha kukuzia.

Magurudumu ya gari lile yalikuwa ya aloi, mepesi, yamepakwa rangi nyeupe. Kila moja lilikuwa na matundu manane kuzunguka katikati. Nilishachora la nyuma, matundu yake nilikuwa nayajua kama vidole vyangu.

Gurudumu la kwenye nyasi lilikuwa jeusi. Nikadhani ni kivuli.

Nikahesabu matundu. Kumi.

Nikachukua sindano, nikahesabu tena, nikigusa tundu moja moja. Kumi. Nikatoka nje, nikanawa uso, nikarudi, nikahesabu mara ya tatu. Kumi.

Nikavuta picha ya pili, ile ya buti. Gurudumu la akiba lilikuwa la chuma cha kawaida, jeusi, lenye matundu kumi.

Nikavuta picha ya tatu, ya kituo cha mwisho. Gurudumu la mbele la kushoto: jeupe, matundu manane.

Nikaketi chini sakafuni. Maana yake ilikuwa wazi, hata mtoto angeiona. Gurudumu lililochomoka halikuwa lile alilolifunga baba yangu. Baada ya kituo cha mwisho, mahali fulani ndani ya kilomita zile kumi na moja, gari lilisimama. Gurudumu la baba likatolewa, la akiba likawekwa, na waliolifunga walikuwa humo ndani ya gari. Baba alikuwa mbali, anawasubiri kwenye mstari wa mwisho na chupa ya chai.

Lakini Kimbunga aliiambia kamati kwamba hawakusimama popote. Maneno yake yalichapishwa gazetini, na mama alilikata gazeti lile akaliweka kwenye droo ya cherehani yake. Nililisoma nikiwa mtoto mpaka nikalikariri. "Hatukusimama."

Utaniuliza kamati ilikuwa wapi. Nami nilijiuliza. Lakini nani anahesabu matundu ya gurudumu penye maiti?

Nilimpigia Kimbunga simu. Sikumsalimu. Nilimwambia gurudumu lililochomoka lina matundu kumi.

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Umehesabu?" akauliza.

"Mara tatu."

"Basi muulize baba yako," akasema. "Muulize yeye kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Tafadhali, mwanangu."

Hapa ndipo ninapoungama, msomaji. Mtu yule aliniomba jambo moja, tena jepesi: baba yangu alikuwa umbali wa hatua kumi na tano, anasikiliza taarifa ya habari. Ningefungua mlango tu. Lakini mimi neno lile "mwanangu" lilinichoma. Niliona mzee muongo anatafuta muda wa kujipanga. Nikakata simu, nikatia zile picha kwenye bahasha, nikavaa viatu, nikampita baba sebuleni bila kumtazama.

Nikaenda kwa mama.

Mama ni fundi cherehani. Chumba chake kiko ghorofani, juu ya duka la viatu. Nilimkuta anabana koti la mteja kwenye sanamu, pini zimejaa mdomoni, utepe wa kupimia shingoni. Akanionyesha kiti kwa kidevu. Sikuketi. Nikapanga picha mezani juu ya vitambaa, nikampa kioo cha kukuzia, nikamwambia ahesabu mwenyewe.

Alihesabu kwa ncha ya pini, kama nilivyohesabu mimi kwa sindano. Kisha akaanza kuchomoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akizichomeka kwenye mto wake mdogo. Zilikuwa nyingi.

Aliniuliza kama picha zinaweza kuwa zimechanganywa. Nikamwonyesha namba ya gari, nikamwonyesha jino la mjomba lililovunjika, katika picha anayocheka. Aliniuliza kama naweza kuwa nimekosea. Nikamwambia kazi yangu ni kutokosea vitu hivi. Akaniuliza tena swali lilelile kwa maneno mengine, nami nikajibu tena.

Ndipo akasimulia, kwa sauti ndogo nisiyoijua, jinsi baba alivyokuja mlangoni kwake mara saba mwaka ule wa kwanza. Mara zote alisimama nje ya mlango uliofungwa. Mara ya mwisho alisema tu, "Nimekuletea sweta ya mtoto," akaiacha kizingitini, akaondoka. Mama alisimama upande wa pili wa mlango, akamsikia akishuka ngazi zote.

"Nilihesabu ngazi," mama akasema. "Nilitaka ageuke. Na angegeuka nisingefungua."

Alisema Jumamosi atakwenda ukumbini, atasimama mbele ya Kimbunga, watu wote wakisikia, amuulize ni nani aliyemuua mdogo wake. Nikamwambia nitasimama naye. Tulikumbatiana. Picha zote nne nikamwachia.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Miaka yote baba yangu alipita mitaani kama mtu anayeomba radhi kwa kuwa na kivuli. Hakuna gereji iliyomwajiri tena, akaishia kutengeneza baiskeli na majiko. Nami nilikuwa nimemsafisha, kwa sindano na kioo. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya kumwambia.

Nilipofungua mlango, redio ilikuwa imezimwa.

Baba alikuwa chumba cha kazi. Mpira wa mkongojo wake ulikuwa umebanduka, akaja kutafuta gundi, akafungua droo. Nilimkuta ameketi kwenye kiti changu, ile picha ameiegemeza ukutani mbele yake. Gari lilikuwa kamili, isipokuwa duara moja tupu pale mbele kushoto.

Nilisubiri anifokee. Nilistahili.

"Kioo cha pembeni umekiweka juu," akasema. "Nilikishusha vidole viwili. Mjomba wako alikuwa mrefu, kilikuwa kinamzibia barabara."

Nikapiga magoti kando ya kiti. Nikaanza kumwomba msamaha na kumpa habari njema kwa wakati mmoja, maneno yakigongana. Nikamweleza matundu manane na matundu kumi, kituo cha mwisho, gurudumu la akiba. Nikamwambia, baba, si wewe. Haikuwa wewe hata kidogo. Walisimama njiani, na Kimbunga alidanganya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika.

"Najua," akasema.

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza upya. Akaniwekea mkono kichwani, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo nikilia kwa sababu ya viatu.

"Najua, mwanangu. Nimejua tangu siku ya pili baada ya mazishi."

Akanisimulia. Kimbunga alimfuata gereji, mkono umefungwa plasta. Akamwambia tairi lilipasuka kilomita nne baada ya kituo. Gari halijasimama sawasawa, mjomba keshafungua mlango, keshashuka. Alikuwa mwepesi, na wepesi wake ndio uliokuwa fahari yake. Kimbunga alishughulika na jeki. Mjomba ndiye aliyetoa gurudumu lililopasuka, akaweka la akiba, akafunga nati. Kimbunga alimuuliza kama amekaza. Mjomba akaruka ndani akasema, "Twende."

Hospitalini, wanakamati walipomjia, Kimbunga aliogopa, akasema hawakusimama. Lakini uongo ule ulimkaba. Siku ile gerejini alikuwa amekuja kumwambia baba kwamba anarudi kwa kamati kusema kweli.

"Akasema?" nikauliza.

"Nilimkataza mimi."

Nilimtazama baba yangu kama ninayemwona kwa mara ya kwanza.

Mama alimlea mdogo wake tangu mtoto ana miaka minne, bibi yetu alipofariki. Alimwogesha, akamfundisha kusoma, akamnunulia suruali yake ya kwanza ndefu. Siku ya mazishi hakuwa analia. Alikuwa anarudia neno moja kwa kila aliyempa pole, kwamba mdogo wake hakufanya kosa lolote. Hakufanya kosa lolote. Alilishikilia neno lile kama mtu aliyening'inia ukingoni.

"Ningemwambia kwamba kijana alijiua kwa mikono yake mwenyewe, kwa haraka zake?" baba akasema. "Nilimfikiria mama yako. Nikasema hasira yake itakaa mwezi mmoja, ikizidi miwili. Akipoa nitamwambia polepole." Akajaribu kutabasamu, tabasamu halikuja. "Hesabu ilinishinda."

Nilikuwa nalia sasa. Nikamwambia basi na ijulikane leo, imetosha. Akatikisa kichwa. Alisema bado sijasikia yote.

Gurudumu la aloi ni nene, hufungwa kwa nati ndefu. Gurudumu la akiba lilikuwa la chuma chembamba, lilitaka nati fupi. Ukilifunga kwa zile ndefu, spana itakwambia umekaza, kumbe gurudumu linacheza. Baba alijua. Alitafuta nati fupi, akazifunga ndani ya kitambaa, akaziweka chini ya kiti cha mjomba. Gari lilipovutwa kurudishwa gereji, alipekua chini ya kiti kile kilichopondeka. Kitambaa kilikuwepo. Kimefungwa vilevile, fundo lake halijaguswa.

"Sasa swali ni moja," baba akasema. "Je, nilimwambia? Asubuhi ile nilizungumza naye. Namkumbuka amesimama, anakula ndizi. Nakumbuka nikimwambia habari ya breki. Habari ya nati... Miaka yote hii naitafuta asubuhi ile. Kuna siku naiona wazi nikimwambia. Kuna siku simwoni mtu wa kumwambia. Sikumbuki, mwanangu. Mimi mwenyewe sijui."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo kamati haikunionea," akasema. "Pengine. Ndiyo maana sikuwahi kusema nimeonewa. Wewe umewahi kunisikia?"

Sikuwahi. Katika maisha yangu yote sikuwahi.

Kisha akanikazia macho, na nikaona kitu kimempita usoni.

"Picha ziko wapi?"

Nikaitafuta simu mfukoni.

"Umemwambia nani?"

Nikampigia mama. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, nikapiga mara ya tatu, nikijipangia uongo: nimekosea, nimeichunguza tena, picha ya nne ni ya gari jingine, usiende ukumbini, usimwambie mtu. Kila ilipoita bila kupokelewa nilimsikia baba nyuma yangu akihema kwa pua, taratibu, kama mtu anayebeba gunia.

"Mwanangu," akasema, "usiniambie ni mama yako."

Mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi."

Baba aliijua sauti ile kabla yangu. Alijaribu kusimama, mkongojo usio na mpira ukateleza, nikamdaka. Akaanza kufunga kifungo cha juu cha shati. Mzee wa miaka sabini na miwili, vidole vikubwa vya spana, alihangaika na kifungo kile kimoja mpaka nikamfungia mimi.

Mama hakungoja kukaribishwa. Alikuwa amefunga kazi mchana kweupe, utepe wa kupimia bado uko shingoni, bahasha iko mkononi. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha kazi. Akamtazama baba, kisha akaitazama ile picha ukutani, kisha akamtazama baba tena. Sijui aliona nini. Alipomwacha, baba alikuwa na nywele.

"Hujambo," mama akasema.

"Sijambo," baba akasema. "Karibu."

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza kwa miaka thelathini na miwili, nami nilikuwa nimesimama katikati yao na rangi kwenye kucha.

Mama alisema amekuja kuomba msamaha. Alisema alipanga kungoja mpaka Jumamosi, lakini baada ya mimi kuondoka alijaribu kushona akajichoma, akajaribu tena akajichoma tena. Akaacha. Kisha akatoa picha ya nne kwenye bahasha, akaiweka juu ya lile gari langu la buluu.

"Ila kuna jambo nimelifikiria njiani," akasema. "Mdogo wangu alikuwa akinisimulia mashindano yake mpaka namwambia nyamaza tule. Kila tairi lilipopasuka, dereva alikuwa wa jeki. Yeye alikuwa wa gurudumu. Alijisifu hivyo. Aliniambia anaweza kulibadilisha kabla sijamaliza kutunga uzi."

Akaigonga ile picha kwa kidole.

"Basi sitaki kuomba msamaha nisioujua. Nataka kuambiwa. Gurudumu hili, nani alilikaza?"

"Mimi," baba akasema.

Alisema upesi, bila kusita, kama mtu aliyelifanyia mazoezi neno lile.

Mama akamtazama kwa huruma ambayo sikuwahi kuiona machoni mwake.

"Wewe hukuwepo."

"Ni mimi," baba akarudia. "Kosa ni langu. Lilikuwa langu siku ile na leo ni langu. Rudi nyumbani, mama. Mwache kijana apumzike."

Chini ya ukingo wa meza, mahali mama asipoweza kuona, baba alinishika kifundo cha mkono. Alinibana mpaka mfupa ukauma. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Mama hakuondoka. Alivuta kiti kilichokuwa kando ya dirisha, akakaa, akapakata mikono. Kisha akaacha kumtazama baba, akanigeukia mimi.

"Wewe ulikuwa naye kabla sijaingia," akasema. "Macho yako yamevimba. Amekwambia nini?"

Nikamwambia hakuna.

"Mwanangu," mama akasema, "nimeishi na uongo miaka thelathini na miwili, na sasa naona wenzangu ndani ya chumba hiki wanaujua ukweli na mimi siujui. Nitakuuliza mara moja tu. Ukiniambia hakuna tena, nitainuka, nitaondoka, na Jumamosi nitamuuliza Kimbunga mbele ya watu wote, naye kwa umri wake hatakuwa na sababu ya kunificha. Je, nisikie kwako, au nisikie kule?"

Baba akasema jina langu, lile la utotoni ambalo hakuna mwingine anayelitumia. Hakulisema kwa ukali. Alinisihi.

Nikauchomoa mkono wangu kutoka mkononi mwake. "Sikia kwangu, mama," nikasema.